Nani Ameshika Mtoto?

Muuguzi alikuwa ananifunga mkanda wa kupimia presha kwenye mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na mtoto, na mtoto alikuwa ameshika hereni yangu. Akauliza bila kuinua macho kwenye faili, "Mazoezi unafanya, mama?"

"Nina wawili, mkubwa hajafika miaka minne," nikamjibu. "Hayo ndiyo mazoezi yangu."

Akacheka. Mama aliyekaa nyuma yangu kwenye benchi naye akacheka, akaongeza, "Mwambie huyo!" Mimi pia nikacheka. Muuguzi akaandika alichoandika, akafungua mkanda, akaita mwingine.

Lilikuwa jibu zuri. Nimeshalitoa mara nyingi na halijawahi kukosa kicheko.

Safari hii lilinifuata nyumbani.

Usiku ule nilikuwa nimesimama gizani nikimbembeleza mdogo, mgongo unawaka moto, nikajikuta najiuliza: hivi ni kweli? Kama kuinama, kuinua, kubeba na kukimbizana kutwa nzima ni mazoezi, mbona nikipanda ngazi mpaka ghorofa ya pili, tena bila mtoto, nafika natafuta pumzi? Na kama si mazoezi, huu mwili unaochoka hivi kila jioni unachoshwa na nini?

Nimezunguka na swali hilo wiki kadhaa. Nimelibeba sokoni, nimelala nalo, nimemchosha nalo mume wangu.

## Ndama wa Milo

Nilianza na upande niliotaka ushinde, yaani ule unaosema jibu langu ni la kweli.

Kuna kisa cha Milo wa Croton, mwanamieleka wa Kigiriki wa karne ya 6 kabla ya Kristo. Inasimuliwa kwamba alikuwa akimbeba ndama kila siku. Ndama akakua, Milo akaendelea kumbeba, mpaka ikafika siku akawa anabeba fahali mzima. Wanaofundisha kunyanyua vyuma wanakipenda kisa hiki kwa sababu kanuni yao yote imo humo: ongeza mzigo kidogo kidogo, mwili utafuata.

Mzazi naye hupewa ndama. Mtoto huzaliwa na kilo tatu na kitu, uzito huo huwa mara mbili akifika miezi mitano hivi, na akitimiza mwaka huwa umekaribia mara tatu. Hakuna jimu itakayokupangia ratiba ya mzigo yenye nidhamu kama hiyo, na huruhusiwi kujiondoa.

Lakini ndama wa Milo hasimuliwi kama mnyama aliyejirusha kinyumenyume katikati ya ngazi kwa sababu ameona paka. Na mnyama wa mabegani hugawa uzito kushoto na kulia. Mimi nabeba kiunoni, upande uleule wa kushoto kila siku, maana mkono wa kulia unahitajika kwa mambo mengine yote ya dunia. Nyonga imesukumwa nje, bega moja limeshuka. Mkoba wangu siku hizi hauteremki upande huo, unateleza upande wa pili tu.

Halafu kuna kidole gumba. Wenye watoto wachanga watakuwa wanayajua yale maumivu ya upande wa gumba, yanayochoma pale unapomwinua mtoto kwa kumshika makwapani. Ni kano za gumba na ala inayozifunika zinazovimba zinapopita kwenye kifundo cha mkono. Daktari wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1895 na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Mnyanyua vyuma akiumia kifundo, anaweka vyuma chini. Mtoto haachi kubebwa eti kwa sababu gumba la mama limevimba.

Hapo ndipo nilipoanza kulishuku jibu langu.

## Dereva na kondakta

Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walichapisha kwenye jarida la Lancet utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva anakaa kutwa nzima. Kondakta anapanda na kushuka ngazi za basi akikata tiketi. Makondakta walionekana kupata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva, na walioupata haukuwapiga vikali vilevile.

Nilipolisoma hilo nilifurahi sana. Mimi ni kondakta! Nyumba yangu ndiyo basi langu!

Furaha hiyo haikukaa. Kwanza, Morris mwenyewe alirudi mwaka 1956 na vipimo vya sare za wafanyakazi haohao, na madereva walionekana kuvaa suruali za kiuno kipana kuliko makondakta wa rika lao. Inawezekana basi watu wa aina tofauti walikuwa wameingia kwenye kazi tofauti tangu mwanzo, na ngazi hazistahili sifa zote. (Nampenda mtafiti anayeenda kuipekua kazi yake mwenyewe mpaka kwenye kabati la suruali.)

Pili, miaka ya karibuni watafiti wamekuwa wakibishana juu ya jambo linalokera: kujitumikisha mwili kazini hakuonekani kuupa moyo faida ileile inayotokana na kujitumikisha kwa hiari baada ya kazi. Mwaka 2018 Andreas Holtermann na wenzake waliorodhesha sababu sita wanazodhani zinaeleza tofauti hiyo. Miongoni mwake: mwendo wa kazini ni wa polepole mno au wa muda mrefu mno kuweza kuujenga moyo. Kubeba vitu vizito na kusimama mkao mmoja hupandisha presha. Mtu hapati muda wa kutosha wa kupumzika mwili ukajirudi. Na hana uamuzi juu ya kasi, mzigo wala mapumziko.

Walikuwa wanazungumzia watu wa kazi za sulubu, hawakuwa wanazungumzia mama mwenye mtoto kiunoni. Hilo la kuhamishia kwangu nimelifanya mwenyewe, na mjadala wao wenyewe haujafungwa. Lakini niambie kama hujaiona nyumba yako humo. Mimi niliiona jikoni, chumbani na bafuni.

Kwa hiyo jibu langu kwa muuguzi lilikuwa nusu. Kuchoka, nachoka kweli. Moyo wangu ndio hakuna anayeupeleka popote.

## Makombo nayo yanahesabiwa

Hapa kuna habari njema, na nashangaa kwamba haijaenea.

Zamani Shirika la Afya Duniani lilikuwa likisema mazoezi yahesabiwe yakidumu angalau dakika kumi mfululizo. Kwa mzazi wa mtoto mchanga, dakika kumi mfululizo ni anasa. Mwongozo wa mwaka 2020 uliliondoa sharti hilo. Lengo la mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au 75 hadi 150 za mwendo mkali, pamoja na kuitumikisha misuli mikubwa siku mbili au zaidi. Lakini vipande vidogovidogo navyo vinaingia kwenye hesabu.

Kujua uko wapi huhitaji saa ya kisasa. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, huo ni wastani. Ukiweza kutoa maneno machache tu kabla ya kuvuta pumzi, huo ni mkali. Kwa kuwa mimi huimba kutwa, nimegundua haraka kwamba sehemu kubwa ya siku yangu haifiki hata wastani.

Kuna pia utafiti ulioongozwa na Emmanuel Stamatakis, uliochapishwa mwaka 2022 katika Nature Medicine. Waliwachukua watu zaidi ya 25,000 wa Uingereza waliosema hawafanyi mazoezi kabisa, wakaangalia vipimo vya vifaa walivyovaa mkononi. Waliokuwa na vijipande vitatu hivi kwa siku vya kuhema kwelikweli, dakika moja au mbili kila kimoja, ngazi za haraka au kukimbilia basi, walikuwa na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa asilimia 38 hadi 40 kuliko wasio na kijipande hata kimoja. Ni utafiti wa kufuatilia watu, haukumpangia mtu akimbie na mwingine akae, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ngazi ndizo zilizowaokoa. Ila kwangu ulitosha kunisimamisha kwenye kochi.

Sasa nafanya hivi. Mkubwa akikaa kwenye poti, na anakaa hapo kwa kutafakari sana, nachuchumaa na kuinuka mbele yake mpaka mapaja yaombe msamaha. Kigari cha mtoto nakisukuma kupanda kilima, sizunguki tena kwa njia ya tambarare. Mdogo anatakiwa alazwe kifudifudi akiwa macho, walau dakika 30 kwa siku kwa jumla, ili shingo na mabega yakomae. Basi nami nashuka sakafuni karibu naye, nafanya planki, yaani najishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu mwili umenyooka, tukiwa uso kwa uso. Yeye huona ni kichekesho. Mimi hudondoka kabla yake.

Na kuna hesabu nyingine inayonisaidia. Mtoto wa mwaka mmoja hadi minne anapaswa kupata angalau dakika 180 za kuchangamka kila siku, kwa mwongozo wa shirika hilohilo wa mwaka 2019. Dakika zake ni nyingi mno kuliko zangu. Najiibia kwake. Akisema "nikimbize," mwanzoni nilikuwa namkimbiza kwa midomo nikiwa nimekaa. Siku hizi nainuka.

Msininukuu vibaya kuhusu zile video za "dakika nne tu kwa siku". Izumi Tabata alipochapisha utafiti wake mwaka 1996, sekunde 20 za nguvu zote na 10 za kupumzika kwa kurudia, waliopimwa walikuwa vijana wanamichezo juu ya baiskeli ya mazoezi, tena kwa kasi ya kumalizika kabisa. Hakuna aliyekuwa ameamshwa usiku kucha.

## Jambo ambalo halisemwi kwa sauti

Nilijaribu kuruka kamba. Niliruka kidogo tu, nikaenda kubadilisha nguo.

Wenzangu mliojifungua mnajua ninachosema. Tunalifanyia utani kwenye vikundi vyetu, kisha tunaliacha hapo, tukiamini ndiyo kodi ya uzazi. Inaelezeka vizuri tu: misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu na mfuko wa uzazi kwa chini, imebeba mimba kwa miezi mingi, na ukizaa kwa njia ya kawaida imenyooshwa zaidi. Arnold Kegel, daktari wa Marekani, aliandika mwaka 1948 kuhusu mazoezi ya kuibana na kuiachia misuli hiyo, na bado ndicho kitu cha kwanza utakachoelekezwa. Faida yake moja ni kwamba unaweza kuyafanya ukinyonyesha na hakuna atakayejua.

Nilichokuwa sikijui ni suala la muda. Mimi niliamini ile ziara ya kliniki ya wiki ya sita baada ya kujifungua ikipita salama, mwili umefunguliwa kwa lolote. Wataalamu wa fiziotherapia nchini Uingereza walitoa mwongozo mwaka 2019 wakishauri kukimbia kusianze kabla ya miezi mitatu, na hata hapo kuanze tu kama hakuna kuvuja, maumivu wala uzito unaohisiwa kushuka ukeni. Kabla ya hapo ni kutembea na kuimarisha misuli taratibu. Kama baada ya miezi hiyo bado kuna kinachovuja, mtu huyo anahitaji kuonwa na mtaalamu. Kuvumilia hakuponyi kitu.

Wanaonyonyesha wana hofu nyingine, kwamba jasho litaharibu maziwa. Hili lilipimwa: Kathryn Dewey na wenzake, kwenye New England Journal of Medicine mwaka 1994, waliwagawa mama wanaonyonyesha makundi mawili, moja likafanya mazoezi kwa wiki kadhaa na jingine lisifanye. Wingi wa maziwa na ukuaji wa watoto haukutofautiana.

Kuna ndugu yangu mmoja ambaye kila nikilalamika hunitumia picha ya Faith Kipyegon. Najua, shangazi. Alijifungua mwaka 2018, mwaka 2019 akachukua fedha ya dunia Doha, mwaka 2021 akatetea dhahabu yake ya Olimpiki kule Tokyo, mwaka 2023 akavunja rekodi ya dunia ya mita 1500. Namheshimu kuliko ninavyoweza kusema. Lakini kukimbia ndiyo kazi yake. Akivaa viatu asubuhi, ameingia kazini. Mimi nikivaa viatu asubuhi, kuna mtu anauliza naenda wapi.

## Kulala au kutoka

Swali lililonisumbua kuliko yote lilikuwa la saa nane mchana. Watoto wote wawili wamelala kwa pamoja, muujiza. Nifanye mazoezi au nilale?

Ushauri wa mitandaoni hapa ni mkali na umetolewa na watu waliolala. Mimi nimeamua hivi: kama usiku ulikatikakatika, nalala, na sijadili na mtu. Mwili hujijenga ukipumzika. Kuupiga mazoezi mwili usiolala ni kuuongezea deni.

Katika kutafuta ruhusa ya kulala ndipo nilipokutana na utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2019 kwenye jarida la Sleep. Ulifuatilia wazazi kwa miaka kabla na baada ya kupata watoto. Usingizi wao haukurudi kamili kama wa zamani hata miaka sita baada ya mtoto wa kwanza. Nikasikitika, nikaendelea kusoma. Katika miezi mitatu ya kwanza baada ya kujifungua, akina mama walipoteza kwa wastani dakika 62 za usingizi kwa usiku.

Akina baba, dakika 13.

Nilimpelekea mume wangu simu jikoni, sikusema kitu.

## Jikoni

Alisoma. Akarudia kusoma. "Kumi na tatu?" akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka kukata rufaa.

"Kumi na tatu, baba watoto."

Tulikaa kimya kidogo. Kisha akauliza swali ambalo kwa wiki zote hizo sikuwa nimejiuliza: "Sasa wewe unataka nini hasa?"

Nikaanza kusema nataka muda, nikasita. Muda nilikuwa nao. Jioni yeye akiwa nyumbani nilikuwa natandika mkeka sebuleni, naweka video kwenye simu. Na kila mara ilikwenda hivihivi: mdogo anabingirika kuja chini ya tumbo langu, mkubwa anapanda mgongoni, na sauti kutoka chumbani inauliza nepi ziko wapi. Mikono yake ilikuwa imeshika mtoto. Masikio yangu ndiyo yaliyokuwa yamemshika mtoto.

Nikamwambia: nataka nisiwe wa kuulizwa. Nataka saa moja ambayo nepi zikikosekana ni tatizo lako mwanzo hadi mwisho.

Kwa hiyo sasa ni Jumanne jioni na Jumamosi asubuhi, na sharti ni kutoka nje ya nyumba. Yeye ana Alhamisi yake ya mpira na Jumapili yake, na siku hizo mimi pia simpigii simu kumuuliza kitu. Hilo la pili lilikuwa gumu kuliko nilivyotegemea. Nilidhani mimi ndiye ninayeingiliwa tu. Kumbe nami nina tabia ya kumfuata mtu uwanjani na maswali.

Jumanne ya kwanza nilitembea haraka na sikujua mikono niiweke wapi. Nilishika simu, nikairudisha mfukoni, nikaishika tena. Katikati ya njia nikajaribu kuimba ili nipime kama nimefika wastani. Sikuweza kuimba. Nilifurahi peke yangu barabarani mpaka mtu akanigeukia.

Niliporudi mkubwa alikuwa amevaa nguo za kulalia juu ya nguo za mchana, na mdogo alikuwa na kofia ambayo mimi nilidhani tulishaipoteza. Sikusema neno.

## Rafiki yangu alivyonijibu

Nilimsimulia haya rafiki yangu anayelea peke yake, nikiwa na furaha ya mtu aliyegundua kitu. Akaniacha nimalize. "Wewe umekubaliana na mumeo," akasema. "Mimi nikubaliane na nani?"

Sikuwa na jibu, na nusu ya ushauri wa mazoezi kwa wazazi hauna jibu hilo pia. Unaruka moja kwa moja kwenye "amka saa moja mapema," kana kwamba mtoto hatasikia mlango ukifunguka.

Yeye alikuwa amelitatua kabla yangu, bila kusoma kitu. Amepatana na jirani mwenye watoto wa umri huohuo. Wanakwenda uwanjani pamoja. Mmoja anakaa na watoto wote kwenye nyasi, mwingine anazunguka uwanja, kisha wanabadilishana. Watoto wanamwona mama akipita kila mzunguko na wanampigia kelele. Siku jirani akiwa na udhuru, hakuna anayekimbia. Aliniambia hivyo bila kulalamika, nami nikaacha kumweleza kuhusu Stamatakis na dakika zake.

Kwetu mpango umeanza kuyumba wiki hii. Timu ya mume wangu imehamishia mechi Jumamosi asubuhi, na ameniomba tubadilishane. Nimekataa. Amenipa Jumapili badala yake. Nimekataa. Amenipa Jumapili pamoja na zamu zote za usiku Jumamosi. Nimemwambia nitafikiria, lakini zamu za usiku zianze wiki hii hii, kabla ya mechi.